Dakika Iliyokatwa

"Mwenzangu, hivi yule aliyerudi kutoka kwenye nyota ni mumewe kweli, au ni kitu kilichovaa sura yake?"

Jirani, msusi, alimuuliza hivyo mke wa mtafsiri wa filamu siku moja wakianika nguo. Mke akacheka, akataka kujua shaka imetoka wapi.

"Si pale anaposhika kikombe kwa mkono wa kushoto? Na filamu nzima anatumia wa kulia."

Mke akabaki na shuka mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni.

Mumewe alikuwa akitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, peke yake akiwa baba, bibi na zimwi. Chumba chake cha kazi kilizungushiwa magodoro ukutani kuzuia kelele, na kando ya maikrofoni palikuwa na kigoda kimoja, cha mkewe. Miaka kumi na moja wameitazama kila filamu pamoja kwanza, na mke ndiye aliyesema mwisho wake una maana gani. Hii ya mtu wa nyota mume aliimaliza haraka bila mkewe, akisema haina fumbo. Dakika ya mwisho, ile ya kikombe, akaikata, akamwambia mkewe kuwa watazamaji hawapendi kuachwa hewani. Mtaa mzima uliona mtu wa nyota na mkewe wanakumbatiana mlangoni, basi. Kikombe kilibaki ndani ya mashine, na mashine haitoki chumbani.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mke alimaliza kuanika, akasali, akaingia chumba kile, akaitazama ile dakika kwenye mashine. Kwenye godoro, nyuma ya kigoda, palikuwa na doa la mafuta ya nywele, shubiri nzima juu ya pale kinapofika kichwa chake yeye. Na msusi ni mrefu kama mlingoti.

Alasiri akampelekea mumewe chai palepale kazini, akamuomba amweleze kile kipande alichokikata. Mume akaeleza bila kusita: aliyerudi ni mume halali. Mke ndiye mgonjwa wa shaka, na mwanamke mwenye shaka humgeuza mtu wake zimwi.

"Hayo umeambiwa na nani?"

"Na nani tena? Nimefikiri mwenyewe."

"Miaka kumi na moja hujapata kufikiria mwisho hata mmoja, baba watoto. Leo umeanza?"

Mume akacheka kidogo, akasema hiyo ni filamu tu, mama, isiwavurugie nyumba.

"Na doa la mafuta nalo ni la filamu?"

Hakuuliza doa gani. Macho yalimtoroka moja kwa moja hadi kwenye godoro, nyuma ya kigoda.

"Basi nami nikupe maana yangu, kama zamani," mke akasema taratibu. "Yule mwanamke alijua tangu mlangoni. Chai alimpa ili amtazame tu anavyoinywa."

Kikombe cha mume kikasimama njiani. Mke akainama, akakitia kigoda chake kwapani, akatoka.