Mdoli Ndani ya Nailoni

Mimi ni mkunga. Mwaka wa ishirini na mbili huu nazalisha, na wanafunzi wa kila chuo hupitia wodini kwangu, kwa hiyo mtu asiniletee karatasi yenye picha za kung'aa akadhani nitababaika. Shemeji yangu aliniletea.

Shemeji anauza magodoro. Kwake kizuri ni kile kinachobonyea. Binti yake, ambaye ni mwanangu pia maana kamzaa dada yangu, alipata nafasi ya kusomea ukunga katika vyuo viwili, na alitakiwa arudishe fomu ya kimoja kabla ya Ijumaa. Baba mtu alikuwa keshapenda kile kipya chenye bwawa la kuogelea. Nikamuuliza kama mtoto anakwenda kuzalisha samaki.

Jumatano nikabadilishana zamu, tukaenda watatu kuviona vyuo vyote viwili.

Kwenye chuo cha bwawa tulipokelewa na dada mmoja mwenye viatu virefu na maneno marefu zaidi. Akatuonyesha mgahawa, bustani, ukumbi wa muziki, vyumba vya wanafunzi wawili wawili. Shemeji alibonyeza godoro la bweni, akaridhika. Nikasema mimi nataka kuona chumba wanachojifunzia kuzalisha. Ufunguo ulitafutwa nusu saa nzima. Ndani tukamkuta mdoli wa mazoezi kwenye boksi lake, bado yumo ndani ya nailoni ya kiwandani.

"Huyu mtoto atazaliwa lini?" nikamuuliza yule dada.

Akacheka, masikini, alidhani namtania. Nje wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wanapigana picha na makoti meupe yasiyo na doa hata la chai.

Chuo cha pili ndicho nilichosoma mimi. Rangi imebambuka, wanalala wanane chumba kimoja, na asubuhi wanapanga foleni ya bafu na ndoo mkononi. Lakini mdoli wao nilimwangalia shingo. Mdoli akichakaa shingo, pale vidole viwili vinapopita kutafuta kitovu kilichojizungusha, ujue watu wanafundishwa. Huyu shingo ilikuwa imekwanguka hadi ndani.

Siku hiyo walikuwa kwenye mazoezi. Msichana mmoja kalala kitandani anajifanya mzazi, mwenzake anampokea mtoto. Mikono ya yule mpokeaji ilinifurahisha, sina la kusema. Mzazi wa kuigiza akazidisha kuugua, na mwalimu, mama yule yule aliyenifundisha mimi, akamkata: "Kelele za nini? Siku ya kuitafuta hiyo mimba ulipiga kelele?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi. Binti hakucheka.

Jioni tulikaa mezani kwao, dada yangu anamimina chai. Niliwapa vipande vyao.

"Kizuri chajiuza," shemeji akajitetea.

"Basi mbona hicho chenu kinajitembeza na karatasi za rangi? Ukitaka mwanao aogelee mnunulie beseni. Ukitaka awe mkunga, mpeleke kwa wakunga."

Shemeji akanywea. Nilijua nimeshinda. Binti akatoa fomu kwenye bahasha, akaiweka mezani, na ilikuwa ya chuo cha bwawa.

"Umerogwa na maji?" nikamuuliza. "Nailoni hukuiona?"

"Niliiona, mama mdogo." Alisema taratibu, kwa adabu zake zote. "Kazi ya mikono nitajifunza kwako wodini. Najua hutaniacha nikosee."

"Sasa huko unafuata nini?"

"Sifuati kitu. Kule kwingine ndiko sitaki." Akaunyoosha ukingo wa fomu kwa kidole. "Mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika beseni la nguo. Mama alikuwa analia. Ukamwambia maneno yale yale ya mwalimu wako. Manesi wakacheka."

Jibu nilikuwa nalo, tena la siku nyingi. Kwamba mzazi ukimwonea huruma anaacha kusukuma na mtoto anachoka. Kwamba yule mtoto alitoka salama kwa mikono yangu, na sasa yuko darasa la kwanza. Wengi nimewajibu hivyo na wamenyamaza. Nikamgeukia dada yangu aniunge mkono, amwambie mwanawe kwamba yale ni maneno ya kazi tu, hayana maana.

Dada yangu aliweka birika chini. Miaka sita hii hajawahi kunitajia habari ile hata siku moja. Akaingia chumbani, akarudi na kalamu, akampa mwanawe.