Mstari Usio na Namba

Kompyuta ilisema hakuna mtu. Ilisema hivyo saa tatu na robo asubuhi, bila hata chembe ya aibu, katika chumba cha kumbukumbu cha kituo cha damu, na wote waliokuwapo wakaiamini isipokuwa mwanamke mmoja.

Mwanamke huyo alikuwa karani wa kumbukumbu, mwaka wake wa ishirini na sita kazini. Vijana wa kituo walimpachika jina la Bi Mafaili siku makabati yake ya kadi yalipobebwa kwenda stoo, wakidhani mafaili yakiondoka na mwenyewe atafuata. Wapi! Bi Mafaili alinunua daftari la kurasa mia, akawa anampigia simu binti yake wa mwisho kila Jumapili, na mwaka haukuisha kabla hajajua kuihoji kanzidata, yaani lile ghala la kumbukumbu lililozimeza kadi zake zote. Binti huyo alikuwa mhandisi makao makuu, na maswali ambayo vituo vyote viliiuliza kanzidata kila asubuhi alikuwa ameyaandika yeye. Pale kituoni hakuna aliyelijua hilo. Bi Mafaili alilificha kwa sababu moja tu: angelisema mara moja, asingeweza kuacha kulisema.

"Rudia tena," alisema daktari mkuu wa kituo, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

Fundi wa kompyuta, kijana mwembamba aliyeitwa Baiti, alibonyeza. Swali lilikuwa lile lile la kila siku: nipe wachangiaji wote wa damu ya O hasi ambao namba zao hazimo katika orodha ya waliochangia miezi mitatu iliyopita. Aliyechangia karibuni lazima apumzike, damu yake irudi, ndipo aitwe tena. Jibu likaja upesi: sifuri.

"Hakuna, Daktari," Baiti alisema. "Wote wamechangia karibuni. Mashine haidanganyi."

Daktari alivuta pumzi. Hospitalini kulikuwa na mama mjamzito wa kupasuliwa saa tisa, damu yake O hasi, na kwenye friji la kituo ulibaki mfuko mmoja wa damu hiyo. "Nahitaji watu wanne," alisema. "Wafike kabla ya saa sita, maana damu yao lazima ipimwe kwanza. Wasipopatikana, sijui nitamwambia nini mume wake. Amekaa pale nje tangu alfajiri."

"Si kweli kwamba hawapo," alisema Bi Mafaili.

Wakamgeukia.

"Mwalimu wa hesabu wa sekondari hajakanyaga hapa tangu mwaka jana. Yule dada mshona mashuka ya hospitali naye vivyo hivyo. Hao ni wawili, nimewataja hata miwani sijavaa. Baiti mwanangu, mashine haidanganyi, lakini yawezekana haijaelewa. Hebu nipishe kiti."

Baiti alipisha, nusu kwa heshima, nusu kwa hamu ya kuona kioja. Bi Mafaili akavaa miwani, akafungua daftari lake, akaanza kulifungua swali kipande kipande kama alivyofundishwa. Jibu likikutatiza, binti yake alimwambia Jumapili moja, usiligombeze swali zima. Uliza nusu yake.

Aliuliza kwanza wachangiaji wa O hasi ni wangapi kwa jumla. Thelathini na mmoja. Vizuri. Akauliza kati ya hao wangapi namba zao zimo katika orodha ya waliochangia karibuni. Kumi na wawili.

"Thelathini na moja toa kumi na mbili," alisema kwa sauti. "Hata mjukuu wangu wa chekechea atakwambia haibaki sifuri."

Baiti alisogeza shingo karibu na skrini. Sasa hata tabasamu lilikuwa limetoweka.

Bi Mafaili akaigawa ile miezi mitatu, akaipepeta mmoja mmoja kama mchele kwenye ungo. Alipolinganisha na mwezi wa kwanza peke yake, majina yalikuja tele. Mwezi wa pili, tele. Mwezi wa tatu, ulio karibu zaidi, sifuri. Akaugawa mwezi huo kwa wiki, kisha kwa siku, na kila siku ikajibu vyema mpaka alipofika tarehe kumi na moja. Hapo kompyuta ikafumba mdomo.

Tarehe kumi na moja ilikuwa siku ya kampeni ya kuchangia damu uwanjani. Mvua ilinyesha katikati ya shughuli, hema likavuja, fomu zikalowa. Zilianikwa wiki nzima, zikakaa wiki nyingine mbili na zaidi zikisubiri zamu, na ziliingizwa kwenye kompyuta jana tu. Bi Mafaili akaifungua siku hiyo, mistari themanini na minne, akaipitia kwa kidole. Kwenye mstari wa sitini na tisa kidole kikasimama.

Tarehe ilikuwapo. Namba ya mfuko wa damu ilikuwapo, na kundi la damu lilikuwa O hasi. Mahali pa namba ya mchangiaji palikuwa wazi. Na mwishoni, pale mfumo unapotaja aliyeingiza taarifa, palisomeka: Bi Mafaili, jana, saa tisa na nusu alasiri.

Kikulacho ki nguoni mwako. Masikio yalimwaka moto. Miaka ishirini na sita alikuwa amewafundisha makarani wote sheria moja, mpaka wengine waliiimba kwa kumwigiza akiwapa mgongo: usichokijua usikibuni, acha wazi. Fomu ile ilikuwa imelowa, jina na namba vimefutika, naye akaacha wazi kwa fahari zote, akanywa maji, akaenda nyumbani. Hata binti yake, alipokuwa akiutengeneza mfumo, alimuuliza mtu akija bila kadi wafanyeje, naye akajibu, "Waache wazi, wasibuni." Basi mama aliacha pengo, na mtoto akaandika swali lisilojua pengo ni kitu gani. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Sasa pengo moja linawezaje kufuta watu kumi na tisa?" Baiti aliuliza.

"Chukua daftari la mahudhurio," alisema Bi Mafaili. "Mstari mmoja umemwagikiwa maji, jina halisomeki. Nikikuuliza, una hakika mwalimu wa hesabu hayumo humu?"

Baiti alifikiri. "Siwezi kuapa. Huenda ule mstari ndio wake."

"Na mshonaji?"

"Naye hivyo hivyo. Kila mtu ni hivyo hivyo." Kijana akashika kichwa. "Kumbe! Inaulizwa, ina hakika hayumo? Haina hakika na yeyote. Basi inamwacha nje kila mtu."

"Ndiyo maana nakwambia haijadanganya. Nimeiachia kitu ambacho haiwezi kukiapia."

Daktari alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne kasoro kumi. "Haraka haraka haina baraka, Bi Mafaili, lakini na sisi siku nzima hatuna."

"Dakika moja tu, Daktari," Baiti aliingilia, mkono tayari kwenye kibodi. "Tunaandika sifuri pale palipo wazi. Hakuna mchangiaji mwenye namba sifuri. Swali litajibu, tunapata watu kumi na tisa, tunawapigia."

"Toa mkono," alisema Bi Mafaili.

Hakupaza sauti, lakini mkono ulitoka.

"Huyu wa mstari wa sitini na tisa ni mtu. Alikuja kwenye mvua akatupa damu yake, na damu yake ni O hasi. Maana yake ni mmoja wa hao kumi na tisa. Ukiandika sifuri, kompyuta itakwambia amepumzika, nasi tutamwita na kumtoa damu mara ya pili ndani ya wiki nne. Aanguke hapa mlangoni, tuseme mashine haidanganyi?"

Baiti aliutazama tena mstari ule. Daktari naye aliacha kutazama saa. Bi Mafaili aliona hofu ikimpanda mwenyewe, kwani pale nje kulikuwa na mume anayesubiri, na yeye alikuwa amewazuia watu wote kwa ajili ya mstari mmoja. Akasogeza skrini kulia. Mwisho kabisa kulikuwa na sehemu ya maelezo ambayo wengi huiruka. Yeye hakuwahi kuiruka. Jana alikuwa amenakili kila neno lililosomeka katika mwandiko wa nesi: kasahau kadi, mkono wa kulia una kovu la moto toka kiwiko hadi kiganja, ametolewa damu mkono wa kushoto.

Akafumba macho. Majina kumi na tisa yalikuwa ndani ya kompyuta, lakini sura zao zilikuwa kichwani mwake. Mwalimu, mikono misafi, vumbi la chaki tu. Mshonaji, sindano. Askari jela, kipande cha mtu, huogopa sindano lakini huja. Kisha mwokaji mikate wa mtaa wa nyuma, anayetia mkono katika tanuri mara mia kwa siku.

"Ni mwokaji," alisema Baiti aliposimuliwa. "Andika namba yake!"

"Nadhani ni mwokaji. Kudhani si kujua." Akanyanyua simu ya mezani. "Nikimbuni leo nitakuwa nimevunja sheria yangu mwenyewe, na bado nina miaka minne hapa ya kuchekwa."

Simu iliita mara sita. Ilipopokelewa, nyuma yake ilisikika mashine ya kukandia unga.

"Habari za kazi, kaka? Ni mama wa kituo cha damu."

"Salama, mama! Shikamoo!"

"Marahaba. Tarehe kumi na moja mwezi uliopita, uwanjani, ulitoa damu?"

"Nilitoa, mama, na mvua ilininyeshea kweli kweli. Kadi niliisahau kwenye aproni. Kwani damu yangu ina nini?"

"Haina neno, ni nzuri mno."

"Basi mnanihitaji? Nije sasa hivi?"

"Usije. Wewe pumzika, baki na mikate yako. Nilichotaka nimekwisha kukipata."

Akakata simu. Akaitafuta namba ya mwokaji, akaiandika palipokuwa wazi, tarakimu moja baada ya nyingine, akahifadhi. Kisha akalirudisha lile swali la asubuhi, neno kwa neno, kama lilivyoandikwa na binti yake, akalibonyeza.

Kumi na wanane.

Baiti alipiga makofi. Daktari alichukua karatasi ikiwa bado ya moto kutoka kwenye printa, akatoka karibu akikimbia. Manesi wawili wakaanza kupiga simu. Ilipofika saa tano na nusu, watu watano walikuwa wamelala kwenye vitanda vya kituo, wa kwanza mwalimu wa hesabu, wa mwisho askari jela akitazama ukuta kwa ujasiri mkubwa.

Mchana Bi Mafaili alimpigia binti yake. Alimweleza yote.

"Mama, kosa ni langu. Nilijua mapengo yatakuwapo, nikauliza kama vile hayapo."

"Ni letu wote. Sasa lirekebishe."

"Naweza kuliambia swali liyaruke mapengo."

"Liyaruke, halafu yule mwenye pengo aitwe tena? Hapana, mwanangu. Lijibu, lakini likikuta pengo liseme. Lisifiche."

"Mama," binti alisema, akicheka, "hapa ofisini kuna watu wana shahada mbili, na hakuna aliyeniambia hivyo."

Bi Mafaili alijibu kwamba ana kazi, akakata simu upesi. Akafuta miwani, ingawa haikuwa na vumbi.

Saa kumi na moja kasorobo daktari alirudi. Mama amepona, alisema, na mtoto ni wa kike, ana mapafu ya mpiga zumari. Imetumika mifuko mitatu. Mume alikuwa nyuma yake, akashika mikono ya Bi Mafaili yote miwili, akashindwa kusema. Hapo Bi Mafaili akashindwa na yeye kujizuia.

"Swali lililowapata hao watu," alimwambia, na daktari na Baiti wakasikia, "limeandikwa na binti yangu."

Asubuhi ya pili Baiti aliwasha kompyuta, akauliza swali la kila siku, kisha akamwita Bi Mafaili aje aone. Majina yalikuwapo. Chini yake ulikuwa umeongezwa mstari mpya, ambao asubuhi hiyo ulionekana katika vituo vyote vya damu, na makarani wa miji ambayo Bi Mafaili hajawahi kufika walikuwa wakiusoma:

Rekodi zisizo na namba: 0. Zikiwapo, msibuni. Mpigieni Bi Mafaili.