Kilomita Kumi na Moja za Salvius Ndimbo

Watu wengine wakitaka kulala huvua viatu wakajitupa kitandani. Salvius Ndimbo ananawa miguu kwa sabuni, anaifuta kwa taulo jeupe, anavaa soksi mpya, maana anakwenda kulala ndani ya gari. Ni Jumamosi, saa saba mchana, jua la Dodoma limesimama juu ya bati la banda, na mwanamume mzima wa miaka hamsini na nane, mwenye duka la saruji na nondo na tumbo la kutosha, anajikunja ili ajipenyeze kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kijana mwembamba. Gari lenyewe ni la spoti, la njano, jipya kabisa, halijawahi kumilikiwa na mtu mwingine duniani, na hilo hukwambia kabla hujamaliza salamu. Limetoka bandarini Dar es Salaam mpaka hapa likiwa limebebwa na lori, limefunikwa turubai, ili lisikanyage lami. Lina nguvu za farasi mia sita, na huu mwezi wa saba farasi wote hao wamefungwa bandani hawajaenda hata dukani. Kilomita zilizosomeka siku lilipofika ni kumi na moja, nazo zinamuuma, kwa sababu ni za fundi fulani wa kiwandani aliyelijaribu bila kumwomba ruhusa. Nailoni za viti hazijabanduliwa. Ya usukani nayo ipo, na juu yake ameongeza nyingine aliyoitoa jikoni.

Ugonjwa huu alitiwa na jirani yake, Kisusange, mhasibu, aliyekuja kulitazama siku ya kwanza. Alilizunguka mara mbili, akasema, hongera sana, ila ujue gari jipya likishatoka tu getini linashuka thamani, sehemu ya tano ya bei imeondoka, na baada ya hapo kila kilomita inakula. Akaenda zake kula ubwabwa. Salvius hajala kwa raha tangu siku hiyo. Alikuwa ameuza viwanja viwili ili watu wamwone akipita, na sasa hataki kupita. Mkono wa birika kama ule ulikuwa haujapata bado kitu cha kukibana sawasawa. Umepata.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Mkewe, Editha, muuguzi wa zahanati, anastaafu. Miaka thelathini na miwili amekwenda kazini kwa miguu, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, mpaka goti la kushoto limeharibika. Wenzake wamemwandalia sherehe ya kumuaga, saa tisa. Saa saba kasoro alivaa kitenge kipya, akaja mpaka mlango wa banda, akasema, Baba Prosper, miaka yote hii nakuomba kitu kimoja tu. Nipeleke na hilo gari, wenzangu wanione nikishuka. Salvius alikuwa anapangusa kioo, hakugeuka. Mama Prosper, akamjibu, ile barabara ina vumbi, ina matuta manne, na gari hili tumbo liko chini, si nikuitie bodaboda mzuri? Editha akatazama saa yake. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, usiponipeleka leo, usinipeleke tena popote, maisha yako yote. Nakungoja mpaka saa nane na nusu. Salvius akasema, ngoja nijinyooshe dakika tano nilifikirie. Alifikirie! Alisema hivyo bila haya, akaenda kunawa miguu.

Basi amelala. Ananusa upya wa ngozi na plastiki, anavuta pumzi kidogo kidogo asiimalize harufu, kope zinazidi uzito, na ukuta wa nyuma wa banda unarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, halafu haupo, na mahali pake pana barabara. Barabara ni ya lami nyeusi isiyo na tuta, inakwenda mbele mpaka inapokutana na anga, na inapokutana na anga haikomi, inapanda nalo. Gari linatembea. Hakuliwasha, ufunguo uko mfukoni mwake, lakini linatembea, na namba kwenye dashibodi inageuka, kumi na mbili, kumi na tatu, na Salvius anapiga yowe la mtu anayeibiwa. Anakanyaga breki, breki ni laini kama ugali. Kwenye kila jiwe la kilomita amesimama mtu mwenye brashi na kopo la rangi nyeupe, na nyuma yake pana ubao ulioandikwa bei ya gari lake, na gari likipita mtu yule anafuta na kuandika bei ya chini zaidi. Anawafokea, acheni nyie, hili sijalitumia bado! Hawamsikii, au wanamsikia na kazi ni kazi. Barabara inazunguka kilima, inazunguka tena kilima kilekile, na kila mzunguko una mawe yake na watu wake wa rangi. Salvius anaanza kulia. Analia kwa ajili ya namba. Mtoto wake Prosper alipoondoka kwenda kusoma ng'ambo huyuhuyu hakutoa hata chozi.

Anapogeuka kutafuta kitambaa anaona kiti cha pili kina mtu. Ni dalali, hilo halina ubishi, amevaa shati lililopigwa pasi na ana funguo thelathini kidoleni, ila uso hana. Panapotakiwa kuwa na macho na pua pamelainika kama kisigino cha mtoto mchanga. Salvius hata haogopi, anachouliza kwanza ni kama amekalia nailoni au amekalia kiti chenyewe. Nimekalia unachokipenda, anajibu dalali, na sauti yake inatokea shingoni. Salvius anamuuliza, bwana, hapa ni wapi? Dalali anasema, ni hapohapo ulipokuwa unakwenda ulipokuwa huendi. Jibu hilo lingemsumbua mtu mwenye akili. Salvius analiruka, anauliza linalomhusu, je, katika nchi hii upo mji ambao magari hayashuki bei? Upo, anasema dalali, na wenyeji wake ni watu kama wewe. Salvius anafurahi, anadhani amesifiwa.

Wanapita kwanza katika mji wa vioo, maana njia haina pengine pa kupita. Kuta za nyumba ni vioo, mapaa ni vioo, na katika kila kioo liko gari la njano, lakini kila kioo kina mwaka wake. Katika cha kwanza gari lina mkwaruzo mlangoni. Katika cha tatu taa moja imefungwa kwa gundi. Katika cha tano limebeba magunia ya mkaa juu ya paa, na katika cha tisa halina magurudumu, na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva na amekaa anamtazama Salvius kwa dharau, na kusema kweli kuku huyo ana haki. Salvius anaziba macho kwa viganja vyote viwili. Kama angeangalia vizuri angeona kwamba katika kila kioo kuna watu pia, wanacheka, wanasukumana, bibi mmoja ameshuka kwenye gari lile bovu akiwa amebeba keki. Hakuangalia. Aliogopa kuona bei.

Halafu mji wenyewe unafika, hawajaufikia wao, ni wenyewe uliowajia. Una geti na uzio, na ndani yake magari yamepangwa kwa mistari isiyo na mwisho, mapya yote, yanang'aa, na ndani ya kila gari amekaa mwenye gari, kimya, amefunikwa nailoni kuanzia utosini mpaka miguuni. Mzee mmoja anakunja kona ya nailoni yake na kunong'ona, karibu ndugu, ila usiongee sana, pumzi inaleta unyevu. Salvius anamuuliza, umekaa hapa muda gani? Mzee anasema, bei yangu haijashuka hata senti. Na familia yako? Bei yangu haijashuka hata senti, anarudia mzee, na kujifunika. Mtu mwingine angekimbia mpaka apoteze soksi. Salvius anapumua kwa raha, anasema moyoni, hatimaye nimepata watu wenye akili timamu, na anaomba apewe nafasi.

Getini yuko fundi, naye hana uso, ana waya mikononi na kijisanduku cha kuchezea kilomita, vile vijisanduku ambavyo kila mnunuzi wa gari lililotumika anavijua na kuvilaani. Masharti ni sifuri, anasema fundi, na wewe una mia tatu na arobaini. Salvius anatetea, hizo zimeingia zenyewe bwana, tufanye zirudishwe. Fundi anasema, kilomita hazifutiki, zinahamishwa tu, atafutwe wa kuzibeba. Nani atazibeba? Anayetembea, anasema fundi. Hapo palikuwa na swali, hata mtoto wa chekechea angeliuliza. Salvius anauliza, ni shilingi ngapi? Bure, anasema fundi, na Salvius aliposikia neno bure alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya usukani kumwonyesha pa kuchomeka waya.

Namba zinaanza kurudi. Mia tatu, mia mbili tisini, na pembeni mwa barabara, ng'ambo ya uzio, anatokea mwanamke anatembea. Kila namba moja ikipungua, yeye anapiga kilomita moja kwa dakika moja, na nywele zake zinapata mvi nyingine. Mia mbili. Anachechemea, mguu wa kushoto. Mia moja na hamsini, na kitenge chake, kilichokuwa kipya, kinapauka mabegani. Salvius anamjua kabla hajageuka, ni Editha, mwanamke aliyemlea hata yeye alipokuwa na duka la misumari tu na njaa. Hapa nataka kumtendea haki, moyo wake kweli unashtuka, mkono wake kweli unakwenda kwenye kitasa cha mlango. Halafu anatazama dashibodi. Imebaki tisini. Ngoja ifike hamsini, anajisemea, halafu nitashuka. Hamsini. Ngoja basi ishirini, hapa tulipofika. Kumi na moja, hizi nazo ziondoke, hazikuwa zangu. Sifuri. Salvius anapiga makofi, peke yake, mara tatu, na geti linafunguka, na anapogeuka kumwonyesha mkewe namba, barabara haina mtu.

Anamuuliza dalali, mke wangu yuko wapi? Yule aliyekuwa anakubebea? anasema dalali. Amemaliza. Amemaliza nini? Unaulizwa wewe ulianza nini, anajibu dalali, na kutoa kalamu, maana sasa ni zamu ya kuthamini. Analizunguka gari, anaandika bei kamili, haijapungua hata shilingi. Kisha anamwomba Salvius ashuke, anamzunguka, anamgongagonga tumboni kusikiliza kama amepigwa plasta ya kuficha mbonyeo, anamfungua mdomo, anamwinua mkono na kuuachia uanguke. Huyu katumika wapi? anauliza dalali. Fundi anasema, hajatumika popote. Alimbeba nani? Hakuna. Andika sifuri, anasema dalali, na wote wawili wanalifunika nailoni, gari kwanza, kisha wanamwendea yeye na kipande chake. Inamshika puani. Anapiga kelele, Editha, Editha, na mji wote, mistari kwa mistari, unamwambia nyamaza, unaleta unyevu.

Anaamka shavu limegandana na kiti. Bandani kuna joto la tanuri. Anatoka mbio na soksi zake, anaingia ndani, jikoni hakuna mtu, chumbani hakuna mtu, saa ya ukutani inasema tisa na dakika ishirini. Hapo Salvius Ndimbo anafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, anarudi bandani na kuliwasha gari. Farasi mia sita wanalia mpaka Kisusange anatoka nje na sahani mkononi. Tuta la kwanza linalikwarua gari tumboni na Salvius analia nalo. La pili linang'oa kitu, hashuki kukiokota. Lakini kilomita tatu haziishi. Anapita tuta la nne, na mbele liko la tano, na la sita, na watu wanaotembea pembeni wote wamempa migongo, na anaanza kuhisi kwamba barabara hii anaijua kutoka mahali pengine. Hamna, mimi niko macho, anajiambia kwa sauti, ona, nasikia vumbi mdomoni.

Zahanati inatokea kushoto, ina mapulizo getini na muziki. Wauguzi wamemzunguka Editha, wanacheza, wanamtupia vitenge begani kimoja juu ya kingine mpaka amekuwa mnene kwa nguo. Salvius anasimamisha gari na kupiga honi, honi nzuri, haijawahi kupigwa. Muziki unazimwa. Wote wanageuka, na nyuso wanazo, ashukuriwe Mungu, kila mmoja ana wake. Anatoa kichwa dirishani na kusema, nimekuja, Mama Prosper, ingia, twende popote unapotaka. Muuguzi mmoja kijana anauliza, sista, ni nani huyo? Editha anasogea hatua mbili, anachechemea, jasho la njia bado liko kwenye paji la uso. Anainama dirishani kwa adabu, kama mtu anavyomwinamia dereva wa teksi ambaye yeye hakumwita. Hapana kaka, anasema, asante, mimi nimeshafika. Anarudi kwa wenzake, na muziki unawashwa upya.

Salvius anajifinya paja. Linauma. Anajifinya la pili, linauma zaidi, lakini anakumbuka kwamba hata kule mambo yalikuwa yanauma. Anapandisha kioo, anaegemeza kichwa, anafumba macho na kungoja kuamka. Wanaokuja nyuma yake wanaanza kupiga honi, kwa sababu amefunga njia.