Mabati ya Seline

Opondo alifika Kawangware 56, Nairobi, akiwa amenyoa ndevu, maana mtu haendi kuchukua mabati ya nyumba yake na ndevu za kazi ya mjengo. Mwaka mzima alikuwa akimwachia Kagiri, mwenye duka la hardware, kila alichobakisha kwenye kibarua, na leo alikuwa anamaliza. Jumamosi mabati yangepakiwa kwenye lori hadi kwao Siaya, naye angemchukua mkewe Seline wafuate, ili Seline afie ndani ya nyumba yake mwenyewe. Madaktari walishasema hakuna tena la kufanya.

Kagiri alipokea pesa, akahesabu, akahesabu tena.

"Mzee, bei imebadilika jana. Pesa zako zote zinafikisha mabati kumi na mbili."

"Mwezi jana ulisema kumi na tano."

"Hiyo ilikuwa bei ya mwezi jana. Chuma inatoka ng'ambo, dola imepanda, mafuta ya meli imepanda. Nikikupea na bei ya zamani nafunga duka."

"Si ungekuwa unanipea kidogo kidogo nikilipa?"

"Ungeziweka wapi? Hapo kwako Kisumu Ndogo zingelala nje siku ngapi bila kuibwa?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi. Opondo hajawahi kushika dola maishani mwake, lakini dola hiyo hiyo imemwezulia nyumba kabla haijaezekwa. Angepata wa kumtukana, angetukana. Akamwambia Kagiri apakie hizo kumi na mbili, akaondoka.

Nyumbani alimkuta Seline ameketi kitandani, amefunga leso ya safari.

"Zimetimia?"

Alikuwa ametunga uongo njiani, akauacha. Akamwambia yote. Kisha akaokota kipande cha mkaa, akachora nyumba yao sakafuni, vyumba vitatu kama walivyokubaliana, asijue aanzie wapi kupunguza.

"Toa sitting room," Seline alisema.

"Na wageni?"

"Watakuja mara moja tu. Watakaa kwa tenti."

Opondo alifuta kwa kiganja. Machozi yalimlengalenga, akainamia kazi yake.

"Toa na jikoni. Mimi sitapika."

Kikabaki chumba kimoja. Opondo alikiangalia kifundi, akili ikikimbilia hesabu ili moyo usifikiri.

"Tukifanya mlango wa bati iwe nyembamba, tunaokoa bati moja."

"Mlango usiguse," Seline alisema. "Hapo watanipitisha nikiwa nimelala."

Opondo aliufuta ule mlango, akauchora upya, mpana.