Rangi Kisimani

"Kwani maji nayo yanasomewa?"

Ndivyo jirani mshonaji alivyouliza siku binti wa mjane alipopata nafasi ya shahada ya pili, ya maji ya ardhini na uhandisi wa mazingira. Yeye na mjane walicheka mpaka mbavu zikauma. Mshonaji akaongeza kwamba yeye kanywa maji maisha yake yote na hakuna aliyemdai cheti.

Kisima kilikuwa uani kwa mjane. Marehemu mumewe alikichimba kwa mikono yake, na choo akakichimba upande wa juu. Alipofariki, mjane alikiacha kisima wazi kwa majirani, kiwe sadaka ya mumewe. Mshonaji alipoletewa mjukuu wa kulea, akauliza kama maji ya mtoto yachemshwe, mjane nusura anune. Maji ya marehemu, alimwambia, hayahitaji moto.

Mtoto aliharisha, akapona, akaharisha tena. Masika wakamzika. Mjane ndiye aliyemshika mshonaji asianguke kaburini.

Likizo hii binti alirudi na vifaa vyake. Alitazama choo, akatazama kisima. Kisha akamimina chooni rangi ya kijani, ile ya wataalamu, ya kufuatia maji yanakopita chini kwa chini. Mama yake alipouliza, alijibu kuwa ni kuhakikisha tu. Udongo huu unachuja, rangi haitafika kisimani. Alitamani sana isifike, hata hakuwaonya majirani wasubiri kuteka maji.

Asubuhi moja mjane yumo kwenye sala, akasikia kamba ya kisima imenyamaza ghafla. Akatoka. Mshonaji ameinamia ndoo, maji yake kijani kama jani changa. Binti naye kasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Nini hiki, mwanangu?" mjane aliuliza.

Binti hakuficha. Alieleza kwamba cha chooni ndicho kinachoingia kisimani, na si jambo la jana wala juzi.

Mshonaji aliinua uso kutoka kwenye ndoo. "Na kuchemsha kungesaidia?"

Binti alimtazama mama yake kwanza.

"Kungesaidia, shangazi."

Mjane alifungua mdomo aombe radhi. Likatoka jina la Mungu tu, basi. Alinyoosha mkono, ule ule uliomshika mwenzake makaburini. Mshonaji aliukwepa. Akaiweka ndoo miguuni pa mjane, polepole, lisimwagike hata tone, akafunga upya kilemba chake, akatoka uani.