Likizo ya Uzazi ya Nesi Gaudensia

Jumatatu asubuhi Nesi Gaudensia alichemsha mikasi, akapangusa kitanda cha kuzalishia kwa dawa, akamwachia mlinzi Thadeo funguo za zahanati. Kisha akapanda bodaboda kwenda Bunda kujifungulia kwa mama yake. Zahanati ile ya kando ya ziwa, mbele kidogo ya Bukima, haikuwa na nesi mwingine. Mganga mkuu wa wilaya aliahidi kuleta wa kumshikia. Hakuleta.

Watoto wa kijiji wakaacha kuzaliwa.

Bhoke, muuza dagaa, uchungu wake ulikatika mchana uleule. Wenzake walifikisha miezi kumi, wakapitiliza. Walipelekwa Musoma, wakapimwa, wakaambiwa watoto ni wazima, wamegoma tu. Wakarudi kupalilia mihogo.

Kule Bunda, Gaudensia naye tumbo lilikaa. Kila alfajiri alijisikiliza mapigo ya mtoto, roho juu, asije akakuta kimya.

"Hiyo kazi imekushika mpaka ndani," alisema mama yake, Dorotea, akimkanda mgongo. "Iache. Hospitali ya hapa chini wanatafuta nesi. Mtakuwa wengi, mtapokezana."

Gaudensia alitamani kupokezana kuliko kitu chochote. Alikuwa amekwisha kusema ndiyo, lori la dagaa liliposimama uani na Bhoke akashuka na wenzake, mikono viunoni.

"Nesi, hatujaja kukulaumu," Bhoke alisema. "Tulikuwaga tukikuita, unakuja. Ila huyu wa tumboni anataka sauti yako."

"Pole, Bhoke," alisema Gaudensia.

Chupa ya Bhoke ikapasuka palepale mkekani.

Alimzalisha hapohapo, akapanda lori kurudi zahanati na waliobaki. Watoto walizaliwa wiki hiyo mmoja baada ya mwingine, wana meno mawili mawili na sauti nzito za kulia. Mganga mkuu alikuja na gari kuwaona. Alifurahi.

"Kwingine tunahangaika kuwahi wajawazito. Kwako wanasubiri," alisema. "Yule nesi wa kukushikia nimempeleka Buhemba, kwenye uhitaji."

"Na mimi nitazalishwa na nani?"

Mganga mkuu alilitazama tumbo lake, ambalo sasa lilikuwa limepita mwaka.

"Hilo tutaliingiza kwenye kikao," alisema.

Bunda walipata nesi mwingine. Gaudensia alizidi kushona vipande pembeni mwa sare yake, na wanawake wakazoea kumpisha mlangoni.

Siku moja, adhuhuri, uchungu ulimjia wa kweli. Alimtuma Thadeo akamwite Bhoke, akatandika kitanda, akapanda mwenyewe. Kabla hajalala vizuri, pikipiki ilizima nje, na msichana mmoja akaingia akishikilia ukuta, jasho linamtoka.

"Nesi, nakufa."

Uchungu wa Gaudensia ulilegea, ukashuka, ukaisha, kama mtu anayempisha mgonjwa kwenye foleni. Alishuka, akabadilisha shuka.

"Hufi. Panda," alisema, akivaa glavu.

Ndani yake mtoto aligeuka, akajiweka sawa.