Tetemeko Lisilofanya Kazi Jumapili

Watu wa Pajulu walikuwa na mbuzi, wachache walikuwa na baiskeli, na Anguyo peke yake alikuwa na tetemeko.

Lilianza mwaka 1973, wataalamu wa nchi tisa waliposhirikiana kuchunguza mahali yanapozaliwa yale mawimbi makubwa ya bahari yanayomeza vijiji. Walitawanya mashine za kupima mitetemo huku na huko duniani, na moja ikaletwa Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua. Usishangae kwamba Pajulu haina bahari. Ardhi ikitikisika chini ya maji, mtikisiko hupita ardhini kwa kasi zaidi kuliko wimbi lenyewe, na mashine iliyokaa juu ya mwamba mzima huusikia hata kwa mbali. Wakajenga kibanda cha mawe juu ya mwamba wa Pajulu na kumkabidhi Anguyo ufunguo.

Anguyo alikuwa mtu nadhifu, mwenye mwandiko mzuri na maringo kidogo. Kila siku saa mbili asubuhi alibadilisha karatasi ya mashine, akatia ya jana kwenye bahasha na kupanda baiskeli kwenda posta ya Arua. Kurudi hakukuwa na haraka. Aliporudi alasiri alikuta kalamu imechora michirizi minene, tangu saa nne hadi saa sita. Kesho yake, vivyo hivyo. Alifurahi hadi chakula kikamshinda. Akajaza fomu: "Tetemeko la Pajulu, la kila siku." Miezi mitatu aliandika hivyo, na mjini wakaanza kumwita Bwana Tetemeko, jina ambalo hakulikataa.

Ndipo akaja Kasereka kutoka Bunia, fundi aliyekagua mashine za eneo hilo. Alikuja na karatasi zote zilizotumwa kwa posta, akazipitia, akanywa chai, kisha akauliza.

"Anguyo, hii tetemeko yako inaendaka misa?"

Kwa maana katika miezi mitatu, haikuwapo Jumapili hata moja ambayo ardhi ilitikisika.

Anguyo alikuwa bado anazipekua karatasi saa nne ilipogonga. Kalamu ikaanza kuruka. Wakatoka nje, na kule upande wa pili wa mwamba wakamwona Mariam Poni na wanawake wenzake wakitwanga muhogo mkavu, palepale walipouanika, kama walivyofanya bibi zao. Sauti ile Anguyo aliisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Hakuwahi kufikiri kwamba mashine nayo ingeisikia. Aibu ilimshika hadi masikio yakamwaka.

Kasereka alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka. Alisema vinu vile vinaifunika sauti ya bahari, na kwamba nchi zote tisa zimekuwa zikitupa karatasi za Pajulu. Karibu na Koboko kulikuwa na mwamba mwingine usio na watu. Yeye angekaa Pajulu wiki moja. Karatasi zisipokuwa safi, mashine ingehamia Koboko.

Anguyo aliipenda mashine ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akameza maringo yake, akaenda kwa Mariam Poni na kumweleza yote: maji yanayopanda na kubeba watoto, na karatasi zinazosaidia watu wa pwani kujua wajenge wapi na wakimbie lini. Mariam Poni aliuliza kama watu hao nao wanakula muhogo. Anguyo akasema anadhani wanakula. Basi mama akakubali wahamie mwamba wa ng'ambo ya kijito, kwa sharti moja: Bwana Tetemeko abebe vinu mwenyewe, kila siku.

Akabeba. Njia nzima walimcheka, na siku tano karatasi zikawa safi.

Siku ya sita, saa nne na nusu, kalamu iliruka kwa nguvu. Kasereka akabwaga kofia yake mezani na kusema wanawake wamerudi. Anguyo akatoka mbio. Mwamba ulikuwa mtupu. Ng'ambo ya kijito wanawake walikuwa wameketi, mikono mapajani, wakimngoja alete vinu. Akarudi akihema.

"Hakuna mutu anatwanga," alisema.

Kasereka akachukua rula, akapima michirizi. Lilikuwa tetemeko la kweli, kutoka mbali mno. Anguyo akanakili saa na dakika, akapanda baiskeli na kwenda posta kupeleka simu ya maandishi. Hakuwahi kukanyaga pedali namna ile.

Barua ilifika baada ya miezi miwili, na Anguyo akawasomea wanawake palepale kwenye mwamba wao mpya. Bahari ilipanda kweli katika ghuba moja ya mbali, ikabeba mashua na nyumba. Watu wengi walikuwa wamewahi kupanda kilimani. Si kwa sababu ya Pajulu, barua haikudanganya. Ila kwa vipimo vya vituo vyote wataalamu walipata mahali tetemeko lilipozaliwa, na sasa shule ya ghuba ile ingejengwa juu kilimani. Katika orodha ya vituo, Pajulu ilikuwa ya nne. Mashine ingebaki.

Mariam Poni alifuta unga mikononi.

"Andikia hao watu ya bahari," alisema. "Ile jiwe iko ya wanawake ya Pajulu. Hatukuuza. Tunaazima wao tu, sababu ya watoto."

Anguyo aliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wake mzuri, kisha akakunja mikono ya shati. Vinu vilikuwa vinamngoja avirudishe nyumbani.